Undugu na Mtu Mashuhuri ni Mali ya Nani?

Katika semina moja ya wanandoa parokiani kwetu, tuliwagawia watu vikaratasi waandike maswali bila kutia majina. Maswali mengi yalikuwa yale tuliyoyazoea: pesa za nyumbani, wakwe, ulevi, malezi ya watoto. Lakini kikaratasi kimoja kiliposomwa kwa sauti, ukumbi mzima ulicheka. Mwandishi alieleza kwamba dada ya mkewe ameolewa na mtu anayejulikana nchi nzima. Akauliza hivi: watu wanapomzungumza mtu huyo mbele yangu nami nikakaa kimya, je, mimi ni mnafiki? Na nikisema kwamba ninamfahamu, je, ninajivuna?

Watu walicheka kwa sababu waliona hiyo ni shida ya kutamaniwa. Nani asiyependa kuwa na jamaa wa namna hiyo? Mwenyekiti naye akatania kidogo, akakiweka kikaratasi kile chini ya vingine, na saa ya chakula ikafika. Mimi nilikiomba nikae nacho. Sikuona la kuchekesha ndani yake, na leo nataka kulijibu swali lile, ingawa jibu lenyewe si fupi.

Tunakoishi sisi, upande wa Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, jambo hili linagusa nyumba nyingi. Pale Iten iko shule ya St. Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika kufundisha mwaka wa 1976, na vijana waliopita mikononi mwake wameitangaza nchi hii duniani. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka wa 2012, ni mmoja wao. Sasa, kila bingwa ana mama. Ana shangazi, ana dada walioolewa huku na huko, ana rafiki aliyeketi naye dawati moja. Sifa humwangukia mtu mmoja, lakini matone yake huwafikia watu mia, na wengi wa hao mia hawakuyaomba. Mwingine alioa tu msichana aliyempenda. Miaka sita baadaye, dada mdogo wa msichana huyo akaolewa na kijana mwembamba mwenye jozi moja ya viatu vya kukimbilia. Nani alijua kijana huyo atafika wapi?

Ndiyo maana swali hili nimelileta katika ukurasa wa ndoa. Kwa desturi zetu hakuna anayeoa mtu mmoja peke yake. Unaoa na wazazi, na mashemeji, na wale ambao mashemeji wako watawaoa. Waliooa ndugu wawili wa kike tunawaita wanyumba, na mwanyumba wako hukumchagua wewe. Amekuja kwa mlango wa ndoa yako, na jina lake likikua, linakua ndani ya nyumba yako pia, upende usipende.

Hebu tujiweke mahali pa mwanamume yule wa kikaratasi. Yuko ndani ya matatu akitoka sokoni. Redio inamtaja mwanyumba wake, na abiria wanaanza. Mmoja anasema mtu huyo amemwacha mkewe. Wa pili anasema ile nyumba ya ghorofa aliijenga kwa pesa zisizo safi. Wa tatu anasema mama yake mzazi analala njaa. Lakini mwanamume wetu alikula katika nyumba hiyo Jumapili iliyopita. Mke anayesemekana kuachwa ndiye aliyempakulia chakula. Mama anayesemekana kulala njaa alikuwa amelala kweli, kwenye kochi, kwa sababu ya shibe.

Akisema, "Mimi nawajua hao," mara moja anageuka dirisha ambalo kila mtu anataka kuchungulia ndani yake. Wengine watamwona mwongo, maana mtu mwenye jamaa kama huyo anatafuta nini ndani ya matatu? Akinyamaza, moyo unamsuta kama mtu aliyewakana ndugu zake kando ya moto.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kukana ni kusema, "Simjui," hali unamjua. Hilo ni uongo, na halina njia ya kupitia. Kunyamaza ni jambo jingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inafundisha katika namba 2489 kwamba hakuna anayelazimika kuufunua ukweli kwa mtu asiye na haki ya kuujua. Abiria wa matatu hana haki ya kujua nani aliketi mezani kwa nani Jumapili. Kwa hiyo bwana yule si mnafiki. Alale usingizi.

Lakini vipi kuhusu uongo unaosemwa? Wengi wataniambia, "Katekista, mtu anapakwa matope nami najua si kweli, ninyamaze?" Hapa tuwe waangalifu, maana kuna mtego. Ushahidi unaotaka kuutoa ili kukanusha umbea, wenyewe ni umbea. Utasema, "Hajaachwa, mimi niliwaona jikoni wakicheka." Umewatetea, na papo hapo umeufungua mlango wa jiko lao kwa watu kumi na wanne. Tena ukizoea kukanusha kila la uongo kwa kuwa wewe ni mtu wa ndani, itafika siku litasemwa lililo la kweli, nawe utanyamaza. Siku hiyo kunyamaza kwako kutakuwa jibu tosha. Watu wataambiana, "Umeona? Leo hakubisha."

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba uwatetee kama ambavyo ungemtetea jirani yeyote usiye na undugu naye. "Jamani, mambo ya nyumba ya watu tuwaachie wenyewe." Maneno hayo yanatosha. Hayahitaji uwe na undugu ili uyaseme, wala hayamwambii mtu kwamba unao. Ukiwa mtu wa kuyasema maneno hayo hata anaposemwa mama mboga wa pale stendi, hakuna atakayeshangaa ukiyasema anaposemwa bingwa wa dunia.

Wakenya wote tunao mfano mmoja mkubwa wa jambo hili, nao ni Nyang'oma Kogelo, kaunti ya Siaya. Mama Sarah Obama alikuwa mjane wa kijijini aliyejulikana na majirani wake. Alikuwa mke wa tatu wa mzee Hussein Onyango, na alimlea Barack Obama mkubwa ambaye hakumzaa. Mwana wa huyo Barack alizaliwa Marekani, na tarehe 4 Novemba 2008 alichaguliwa kuwa Rais wa nchi ile. Serikali yetu ilitangaza tarehe 6 kuwa sikukuu ya taifa. Siku chache baada ya uchaguzi, stima ilifika katika boma la Mama Sarah, na polisi wakawekwa kulinda lango. Wageni wakaanza kumiminika, siku baada ya siku, kwa miaka, mpaka alipofariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021.

Waandishi wa Ulaya na Marekani walipata taabu kumweleza, wakawa wanaongeza kila mara kwamba hakuwa nyanya wa damu. Kwetu sisi neno hilo la kuongeza halina kazi. Aliyemlea baba yako ni nyanya yako, basi. Lakini ona jinsi umashuhuri unavyofanya: unaleta watu wa kuupima undugu kwa rula. Aliye karibu zaidi na jina kubwa ni nani? Nani wa damu na nani wa kuolewa? Maswali ambayo kabla ya mwaka 2008 hakuna mtu wa Kogelo angeyauliza mbele ya mgeni aliyekuja kunywa chai.

Kuna kisa kingine cha ukoo huohuo ambacho hunifikirisha zaidi. Baba mdogo wa Rais Obama aliishi Marekani miaka mingi, na alikuwa na kesi ya uhamiaji. Ofisi ya Rais ilipoulizwa kwanza, ilisema hakuna kumbukumbu kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Mwaka wa 2013 huyo mzee alisema mahakamani kwamba mpwa wake aliwahi kukaa kwake, zamani alipokuwa anaanza masomo ya sheria pale Harvard. Ofisi ikamwuliza Rais mwenyewe, na Rais akasema ni kweli. Wakasahihisha. Sisemi kwamba kulikuwa na nia mbaya. Wafanyakazi wale walitafuta undugu katika makaratasi, hawakuuona. Haukuwa kwenye makaratasi. Ulikuwa kwenye kitanda ambacho kijana alitandikiwa alipofika mji wa ugenini bila pa kulala. Na mzee aliueleza mahakamani.

Mwezi Julai 2015 Rais Obama alifika Nairobi. Kogelo hakwenda. Jamaa zake walialikwa kula naye chakula cha jioni hotelini mjini, na Kogelo alikwenda miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2018, alipokuwa ameacha urais, kufungua kituo cha vijana cha dada yake Auma. Mimi nawafikiria jamaa wa mbali kidogo, ambao jioni ile ya mwaka 2015 hawakuwa mezani. Mtu kama huyo anarudi kwake, mkewe anamwuliza, "Kwani wewe si wa ukoo?" Atajibu nini? Undugu ambao jana ulikuwa wa kawaida, leo umepewa viti vya kuhesabika.

Nilitaka kufika hapo kwenye viti. Mama yao Yakobo na Yohane alikwenda kumwomba Bwana viti viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto, kwa ajili ya wanawe. Tunasoma habari hizo katika Mathayo sura ya 20, na kwa kawaida tunamlaumu mama huyo upesi sana. Kosa lake ni lipi hasa? Hakuiba wala hakudanganya. Alikuwa mtu wa karibu, akaona ukaribu ule ni kitu kinachoweza kubadilishwa na kitu kingine. Na wale kumi waliokasirika, nina shaka walikasirika kwa sababu ametangulia tu.

Sasa niwaeleze wanandoa wengine, si yule wa kikaratasi. Hawa walikuja nyumbani kwangu usiku, kila mmoja na mwavuli wake, ingawa walikuwa wanatoka nyumba moja. Kanisa la kigango chao lilikuwa halina paa. Kamati ilikuwa inapanga harambee, na mtu mmoja akakumbuka kwamba mke huyu ni ndugu wa damu wa mke wa mtu fulani mashuhuri. Wakamgeukia mumewe: "Bwana, wewe tuletee yule awe mgeni wa heshima." Mume alikuwa amekaa katika kamati hiyo miaka minne bila mtu kumwuliza neno. Siku hiyo wote walimtazama yeye. Akasema, "Hilo niachieni mimi."

Mke alipopata habari alilia. Mumewe hakuelewa. Alisema, "Ni kazi ya Mungu. Sikuomba pesa zangu. Dada yako akiombwa paa la kanisa ni vibaya?"

Nawaomba wasomaji msimcheke mwanamume huyo wala msimhukumu. Hoja yake ni ya maana. Kama undugu hauwezi kusaidia hata kuezeka nyumba ya Mungu, una faida gani? Mali tukipewa tunatakiwa tuitumie kwa ajili ya wengine, tusiifukie ardhini. Kwa nini undugu uwe tofauti?

Mke ndiye aliyetoa jibu, na sikuwa na la kuongeza. Alisema kwamba tangu dada yake aolewe na mtu huyo, kila anayepiga hodi kwao huja na bahasha. Karo, hospitali, kesi ya shamba, timu ya mpira ya kijiji. Wengine wana shida za kweli kabisa. Lakini dada yake amepata tabia ambayo hakuwa nayo: mgeni akiingia, humtazama mikono kabla ya kumtazama uso. "Mimi peke yangu," akasema, "ndiye ananitazama uso kwanza. Mkinipa bahasha hata moja tu, hata ya Mungu, atakuwa hana mtu."

Basi hapo tunaona kilicho hatarini. Undugu na mtu mashuhuri unaonekana kama akiba benki, kumbe ni amana. Uliwekewa na watu wa nyumba ile walipokuamini, pengine kabla hawajajulikana na yeyote. Amana unaweza kuitunza, unaweza kuirudisha, lakini huwezi kuitoa sadaka, hata kwa jambo jema, kwa sababu si yako. Ukitaka kutoa sadaka, toa mbuzi wako.

Hoja ya kwamba mume na mke wamekuwa mwili mmoja nimeisikia mara nyingi katika mambo haya. "Ndugu zake ni ndugu zangu, basi nami nina kauli." Mimi naona sivyo. Shamba ni lenu wote, watoto ni wenu wote. Lakini dada wawili waliolala kitanda kimoja tangu utotoni wana kitu kati yao ambacho mume wa mmoja wao alikikuta. Katika kitu hicho yeye ni mgeni, mgeni wa heshima, lakini mgeni. Mwenye kauli ni yule aliyeuleta undugu nyumbani. Na ikiwa undugu ni wa upande wa mume, basi mke naye asitume salamu za kuomba kazi kwa ajili ya kaka zake bila mumewe kujua.

Tena kuna jambo gumu zaidi, la siri. Dada anamweleza dada jambo la unyumba wake, tuseme bwana wake mashuhuri ni mgonjwa, au hawaelewani. Anamwomba asimwambie yeyote. Je, "yeyote" ni pamoja na mume? Wanaume wengi hukasirika hapa. Wanasema mke anayeficha jambo moja ataficha na la pili. Ushauri wangu ni huu, na ninajua hautawapendeza wote. Mke asijifanye kana kwamba hakuna kitu, maana huo ni uongo ndani ya nyumba, na mume ataunusa. Aseme wazi, "Kuna jambo nimeambiwa, si langu, na nimeombwa nilinyamazie." Mume naye akomee hapo. Kama lingekuwa jambo la jirani asiyejulikana, asingeuliza mara ya pili. Kinachomwasha ni jina. Akilitambua hilo, nusu ya hasira itaisha yenyewe.

Nigusie pia wivu, kwa sababu katika nyumba nyingi huo ndio ugonjwa wenyewe. Fikiria matanga ya baba mkwe. Mtunza hazina anasimama kusoma michango. Mume wa binti mdogo, shilingi laki mbili. Makofi. Mume wa binti mkubwa, shilingi elfu tatu na gunia la mahindi. Watu wanakohoa. Huyu wa elfu tatu ndiye aliyelala hospitalini siku nne pembeni ya mzee, ndiye aliyekwenda chumba cha maiti, ndiye aliyetafuta gari. Hayo hayana mahali pake katika daftari la mtunza hazina. Baadaye, wageni wakubwa wanapofika, anaombwa asimame awapishe kiti, kisha anatumwa soda. Mkewe anayaona hayo yote kutoka upande wa wanawake.

Usiku huo mke anaweza kusema maneno mawili tu yakaharibu mwaka mzima: "Mwenzako alitoa." Au anaweza kusema, "Baba alikufa ameshika mkono wako." Sijaona mahali ambapo ulimi wa mke una nguvu kuliko hapo. Nasema mke kwa sababu mfano wetu ni wa wanyumba. Mume naye anao ulimi, siku ambayo wifi wa mkewe anaonekana kwenye televisheni na mkewe yuko jikoni anafukuta moshi.

Lakini haki ni haki, tumwangalie na yule wa laki mbili. Yeye hawezi kutoa elfu tatu. Akitoa elfu tatu kama mwenzake, kesho yake nchi nzima itajua kwamba ni bahili. Hawezi kulala hospitalini, maana wauguzi na wagonjwa watakuja kupiga naye picha. Kwa hiyo hutoa kile kimoja ambacho watu wanamruhusu kutoa. Huenda angependa kutumwa soda hata mara moja.

Sasa upande wa pili wa jambo hili, ambao hausemwi sana. Wako watu waadilifu ambao, kwa kuogopa kuonekana waombaji, hujitenga kabisa. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa na rafiki tangu utoto, na mtoto wa rafiki huyo akapata jina kubwa. Mama huyu akaacha kwenda. Alijiambia, "Watasema nimefuata pesa." Hakwenda walipohamia nyumba mpya. Hakwenda rafiki yake alipovunjika nyonga. Miaka miwili. Aliona anatunza heshima yake, na kweli hakuna aliyemsema. Lakini rafiki yake alikuwa amelala kitandani akihudumiwa na watu wa mshahara, akijiuliza amemkosea nini.

Mimi naliona hilo ni kosa sawa na la mwenye bahasha, ila limevaa nguo nzuri. Wote wawili wanapoitazama nyumba ile huliona jina tu, mmoja akalikimbilia na mwingine akalikimbia. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika hakuonwa na yeyote kati yao.

Kumbukeni kifo cha Kelvin Kiptum. Tarehe 8 Oktoba 2023 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Tarehe 11 Februari 2024, usiku, alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Alikuwa na umri wa miaka 24, na aliacha mjane na watoto wawili. Alizikwa Naiberi tarehe 23 mwezi huohuo, na Rais wa nchi alihudhuria. Mazishi ya namna hiyo yana mahema, yana vipaza sauti, yana orodha ndefu ya wasemaji. Ni haki yake kupewa heshima hiyo. Lakini mahema hushushwa. Wiki ya tatu, ng'ombe wanahitaji kukamuliwa na mtoto anauliza baba atarudi lini, na magari ya serikali hayapo. Hiyo ndiyo saa ya mtu wa zamani, yule anayejua njia ya nyuma ya boma na haitaji kutambulishwa. Kama mtu huyo alijitenga mapema kwa kuogopa maneno ya watu, nafasi yake haina wa kuijaza. Dunia ina maelfu ya watu wanaompenda bingwa, lakini wanaowajua wazazi wake tangu walipokuwa wanakopa sukari ni wachache sana.

Basi mtu aende vipi? Aende na kile alichokuwa akibeba zamani. Kama ulikuwa unapeleka kibuyu cha mursik, peleka mursik. Usiseme, "Wataidharau, siku hizi wana friji kubwa." Usivae kana kwamba unakwenda kwa mkuu wa wilaya. Na usikae sana.

Juu ya watoto nitasema kidogo tu. Mtoto atajisifu shuleni kwamba mjomba wake ni fulani, na hakuna mzazi atakayeweza kumzuia. Asipigwe. Aambiwe kwamba mjomba anapumzika akija kwetu, na asipigwe picha akiwa anakula. Watoto huelewa jambo la kupumzika kuliko tunavyodhani.

Wale wa kigango waliokuja na miavuli miwili, nilikaa nao mpaka saa tano. Mume alikuwa anaogopa zaidi kurudi mbele ya kamati mikono mitupu, baada ya kusema, "Niachieni mimi." Mwishowe alikwenda akawaambia kwamba neno lile lilimtoka kabla hajaongea na mwenye ndugu yake, na kwamba mwenye ndugu yake amekataa. Mzee mmoja alinung'unika kwamba siku hizi wanaume wanatawaliwa. Mwenyekiti akasema kama wanamtaka mtu huyo, basi katibu aandike barua, ipigwe mhuri wa kigango, iende kwa posta kama barua ya raia yeyote, na jina la mama huyo lisitajwe ndani yake.

Barua ilikwenda. Ninapoandika haya jibu halijafika, na upande mmoja wa kanisa umeezekwa kwa mabati ya mavuno ya mwaka jana. Mama huyo Jumamosi hakuwepo kwenye jumuiya. Alikuwa kwa dada yake, wakichambua mboga.